Baba, Unafanya Kazi Gani?

Mwanafunzi wa udaktari anapoingia wodini kwa mara ya kwanza, hufundishwa kuuliza kabla ya kugusa. Amwamkie mgonjwa, amwulize jina, umri, anakotoka na kilichomleta. Kikohozi kilianza lini? Kikavu au kina makohozi? Umeona damu? Usiku unatoka jasho? Nguo zinakupwaya siku hizi? Katikati ya maswali hayo lipo moja ambalo hujibiwa kwa neno moja na kuandikwa upesi, foleni ikiwa imeshafika mlangoni. Kazi: mkulima.

Katika hospitali za Shinyanga, Kahama na Geita, neno hilo moja linaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Mgonjwa hakudanganya. Ana shamba lake la mahindi na pamba Kishapu, na hapo ndipo ilipo heshima yake mbele ya watu. Lakini mavuno yakishaingia ndani hufunga begi, akapanda gari mpaka machimboni Nyarugusu au Kakola, akashuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na tindo na nyundo. Au huketi kutwa nzima pembeni ya karasha, mashine inayoponda mawe, huku vumbi jeupe likimtua kwenye nyusi. Kwake hicho ni kibarua cha kupita tu, hata kama amekifanya kwa miaka kumi na minne. Daktari asipouliza mara ya pili, mgonjwa hataona sababu ya kukitaja.

Swali lenyewe si geni katika udaktari. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu kizima juu ya magonjwa yanayotokana na kazi za watu, akaanza na wachimba madini. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi tangu enzi za Wagiriki: unafanya kazi gani? Karne tatu baadaye, katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, swali la Ramazzini bado ndilo lenye njaa ya majibu. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya 2022. Shinyanga ilikuwa na zaidi ya milioni 2.2. Wapo walioajiriwa na migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, au Bulyanhulu wilayani Kahama. Hao wana kofia ngumu, barakoa na zahanati ya kampuni. Wachimbaji wadogo, ambao ni wengi kuliko wao kwa mbali, wana kitambaa cha kufunga puani.

Tukitazame kifua cha mchimbaji mdogo kwa karibu.

Dhahabu ya huku hukaa ndani ya jiwe gumu jeupe lenye silika. Jiwe hilo likipasuliwa kavu hutoa vumbi la chembe ndogo mno, kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzidi chembe hizo mara kumi au zaidi. Pua haizizuii wala koo haizinasi. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, pale hewa inapoingia kwenye damu. Seli za ulinzi za mwili huzimeza kama zinavyomeza vijidudu, lakini silika haiyeyuki. Seli hufa, nyingine huja, nazo hufa, na mahali pa vita hivyo hubaki kovu. Makovu huongezeka mwaka hadi mwaka, na pafu hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na huendelea hata baada ya mtu kuacha kuchimba.

Baya zaidi ni kwamba pafu lenye silika humfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu. Mtu mwenye silikosisi yumo katika hatari kubwa mara kadhaa ya kuugua kifua kikuu kuliko jirani yake asiye nayo. Akiwa na virusi vya ukimwi juu yake, hatari hizo mbili huzidishana. Na Tanzania yenyewe imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu.

Hapo ndipo ulipo mtego unaowasumbua madaktari. Picha ya eksirei ya silikosisi na ya kifua kikuu zinaweza kufanana mno: madoa meupe juu ya mapafu yote mawili, mtu amekonda, anakohoa, anahema akipanda ngazi tatu. Makohozi yanapimwa, mdudu haonekani. Daktari aliyeandika “mkulima” hana sababu ya kufikiria vumbi, kwa hiyo humwanzishia dawa za kifua kikuu kwa kutazama picha. Miezi sita inaisha na mgonjwa hajapata nafuu. Anarudi, anaanzishwa upya. Kinyume chake kipo pia: mwenye magonjwa yote mawili akaambiwa ni vumbi tu, akarudi kambini kulala chumba kimoja na wenzake wanane, akiwakoholea. Mashine za GeneXpert, ambazo humtambua mdudu wa kifua kikuu kwa vinasaba vyake ndani ya saa chache, zimepunguza kubahatisha. Haziwezi kusema, hata hivyo, kama mtu alikaa karashani miaka kumi. Hilo analijua mgonjwa peke yake.

Tuseme basi ugonjwa umegundulika sawasawa. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi sita bila kukatiza. Mlipuko wa dhahabu, kama wachimbaji wanavyoita habari za mgodi mpya, haungoji miezi sita. Leo jiwe limeonekana porini, kesho kuna vibanda vya maturubai, mama lishe, maduka ya vocha na bia. Baada ya wiki kadhaa jiwe likipotea, mji mzima unahama. Mgonjwa anahama nao. Kadi yake inabaki kwenye kabati la zahanati aliyoanzia, na vidonge vyake vinaishia njiani. Dawa ikikatizwa, mdudu hujifunza kuishi nayo, na kifua kikuu sugu hutibiwa kwa dawa nyingine zenye madhara makubwa zaidi kwa mgonjwa. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, habari ni ile ile.

Vijana wanaosomea udaktari hukaririshwa dozi kwa kilo ya uzito. Kumfuata mgonjwa anayehama na mlipuko ni somo ambalo hawawezi kulikariri, wanalikuta kazini.

Afrika Kusini kesi ya vumbi ilifika mahakamani. Wachimbaji wa dhahabu na wajane wao walizishtaki kampuni kubwa, na Julai 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kwa walioharibiwa mapafu na silikosisi au kifua kikuu cha migodini. AngloGold Ashanti, mmiliki wa mgodi wa Geita, ilikuwa miongoni mwa kampuni sita zilizokubali kulipa. Ushindi ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwajiri, orodha ya mishahara, na eksirei za zamani kwenye makabati. Tanzania nayo ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unaochangiwa na waajiri. Mchimbaji wa Nyarugusu anayegawana mifuko ya mawe na mwenye duara hana mwajiri wa kumchangia. Akiugua, fidia yake ni mchango wa wenzake kambini. Huu ni uonevu usio na mwonevu wa kumshika mkono, na ndio mgumu kuliko wote kuuondoa.

Kuna pia zebaki.

Mawe yakishasagwa, unga huoshwa kwenye mwalo, na zebaki humwagwa ili inase punje za dhahabu. Donge linalopatikana huwekwa juu ya moto. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Kazi ya kuosha na kuchoma hufanyika popote: uani, kando ya jiko, wakati mwingine mama akiwa na mtoto mgongoni. Mvuke wake hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Ukivutwa, sehemu kubwa huingia kwenye damu moja kwa moja kutoka mapafuni, hufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka mpaka kwa mtoto tumboni. Watafiti waliowapima watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, katika mradi wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta karibu mmoja kati ya wanne wa wanaochoma zebaki akiwa na dalili na vipimo vya sumu hiyo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto, wengine wa miaka minane, waliokuwa wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini, ya Geita yakiwemo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020.

Sasa mfikirie afisa tabibu kijana kwenye zahanati, peke yake, wagonjwa hamsini wakimngoja. Anaingia mwanamke ambaye mikono inamtetemeka, hapati usingizi, anasahau, ana hasira zisizo na sababu. Nyumbani wameshasema amerogwa. Jirani amesema ni pombe. Zahanati ina kipimo cha malaria, nacho hakioni kitu. Zebaki hupimwa kwenye mkojo au damu, na kipimo hicho hakipo zahanati wala kituo cha afya. Chombo alichonacho afisa yule ni swali: mama, dhahabu unachomea wapi? Jibu likiwa jikoni, hatua ya kwanza ya tiba anayo tayari mkononi, nayo ni kuiondoa zebaki ndani ya nyumba, au kutumia kifaa cha chuma kilichofunikwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa majimaji.

Shinyanga ina kumbukumbu chungu ya dalili iliyosomwa vibaya. Miti ya mkoa huu ilifyekwa kwa wingi tangu enzi za ukoloni, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Kuni zikawa adimu, na mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyohifadhiwa kwa desturi, akina mama wengi walikuwa wameshazoea kupikia kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Macho ya mwanamke aliyeuinamia miaka arobaini hubaki mekundu. Kwa macho hayo mekundu bibi wazee wa Usukumani waliitwa wachawi, na wengi waliuawa kwa mapanga. Daktari yeyote angeona ugonjwa wa moshi. Kijiji kiliona uchawi, na swali la unapikia nini halikuulizwa na mtu.

Si kila maradhi ya machimbo huja polepole. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na watu wakafukiwa. Msiba ulishapokewa majumbani mwao. Siku ya 41 wachimbaji wenzao walisikia sauti chini, na wanaume watano wakatolewa hai, waliokuwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyochuruzika mwambani. Kwa daktari anayempokea mtu kama huyo, hatari haijaisha anapofikishwa juu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi kwa ghafla, chumvi za damu hupanguka na moyo unaweza kusimama. Jambo hilo lilionekana wazi kwa wafungwa waliokombolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu mwenye upendo anayekuja na sufuria ya ugali na nyama inabidi azuiwe mlangoni, na kijana aliyemaliza chuo mwaka jana ndiye wa kumweleza sababu.

Kisha kuna barabara. Kwa miaka mingi mgonjwa wa rufaa kutoka Geita kwenda Bugando, hospitali kubwa ya kanda iliyojengwa juu ya mlima jijini Mwanza na kufunguliwa mwaka 1971, alivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi na Kigongo. Gari la wagonjwa lilifika ukingoni na kungoja kivuko kama magari mengine. Daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025 limeugeuza mwendo huo kuwa wa dakika chache. Ni habari njema kwa Kanda ya Ziwa nzima, na wauguzi waliowahi kuhesabu pumzi za mgonjwa kwenye foleni ya kivuko wanajua uzito wake.

Daraja, hata hivyo, humfaa aliyekwisha fika barabara kuu. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua kijijini, saa mbili zinaweza kuwa ndizo zote alizobakiwa nazo. Wataalamu wa uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Jibu la ule wa pili lilijaribiwa Shinyanga na Sengerema kabla ya kuenea nchini. Mpango wa m-mama ni rahisi kiasi kwamba mtu hushangaa kwa nini haukubuniwa zamani. Mhudumu wa zahanati au familia hupiga namba 115 bila malipo. Mtu aliye kituo cha simu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humpigia dereva wa teksi wa kijiji hicho hicho aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa Aprili 2022. Takwimu za taifa za mwaka huo zilionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali zile za 2015-16 zilikuwa 556. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na dereva wa teksi wa Shinyanga anayeamka saa nane usiku ni mmojawapo.

Ucheleweshaji wa tatu unategemea nani yupo kituoni. Bugando ilipoanza kufundisha madaktari mwaka 2003, darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 10. Leo chuo hicho, kilichokuwa chuo kikuu kishiriki na sasa ni Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, hutoa madaktari wengi kila mwaka, kama vyuo vingine vya Dar es Salaam, Dodoma na Moshi. Miaka mitano ya darasani na wodini, mmoja wa utarajali, halafu wengi hukaa nyumbani wakingoja ajira. Machi 2017 Kenya, iliyokuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari, iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Kesi mahakamani Nairobi ilikwamisha mpango, na Rais John Magufuli akaamuru madaktari 258 waliokuwa wamejitokeza waajiriwe nyumbani. Nchi yenye zahanati zisizo na daktari ilikuwa na madaktari mamia wasio na kazi, na ilijulikana walipotaka kuondoka. Hali hiyo haikwisha na wale 258.

Pengo hilo la madaktari lilizibwa kwa muda mrefu na kada ambazo hazisifiwi inavyostahili. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi tangu mwaka 1963, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Mwanza na Kigoma, wakati Geita ingali wilaya ya Mwanza, ulikuta upasuaji wao wa uzazi ukiwa na matokeo yasiyotofautiana na ya madaktari kamili. Wanafunzi wa udaktari wanaopelekwa wilayani kwa mafunzo wangefanya vema kuwasikiliza watu hao. Wao ndio wanaojua kwamba mgonjwa mzee wa Kisukuma hujieleza vizuri akisalimiwa kwa lugha yake, na kwamba kabla ya kufika hospitali huenda ameshapita kwa mfumu, mganga wa jadi, na akikaripiwa kwa hilo atanyamaza.

Fedha zipo katika ukanda huu. Kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yao, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 zinatakiwa kukubaliana na halmashauri mipango ya kuihudumia jamii. Majengo ya afya yamesimama kwa fedha hizo. Yanahitaji sasa watu na vitendanishi, na yanahitaji kuwafuata wachimbaji kule kambini kwa eksirei ya kuhamishika na kopo la makohozi. Bima nayo inafaa kutazamwa upya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipangwa kwa kaya, shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka, na kijana anayelala peke yake kwenye turubai hana kaya ya kuandikisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaoitekeleza wamkumbuke huyo.

Na wewe msomaji, kama umewahi kushuka duarani, kukaa karashani, kuchoma zebaki au kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka mingi, usingoje daktari akuulize. Mwambie kazi uliyofanya, mahali, na miaka mingapi, hata kama uliiacha zamani. Mwombe aiandike kwenye daftari lako. Mwambie pia unakwenda wapi mlipuko ukitokea, uondoke na barua ya rufaa na dawa za kukufikisha huko.